Kiingereza cha lebo: nguo na vifaa vya mlimani

Weka kamusi pembeni kwanza. Chukua koti la baridi au la mvua ulilo nalo, lipindue nje ndani, utafute lebo iliyoshonwa ubavuni na ile ya karatasi inayoning'inia kama bado haijakatwa. Kiingereza cha kuanzia kiko hapo, na kila neno limekaa karibu na kitu linachokitaja.

Mimi ni mtunza stoo. Msafara wa wapanda mlima ukiondoka nagawa vifaa, ukirudi napokea, nahesabu, nafua na kuanika. Vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni hupitia kwangu kabla hawajakabidhiwa watu, na wengi huja na daftari la maneno waliyokariri: "jacket", "boots", "gloves", "tent". Hayo ni mepesi. Hata usipoyajua, mgeni atakuonyesha kwa kidole mambo yakaisha. Linaloponza ni lile neno dogo la pembeni ambalo jicho hulipita haraka: "resistant", "limit", "power". Kwa hiyo hapa hutapata orodha ya majina. Nitakupitisha kwenye maneno yanayokwenda mawili mawili, yanayofanana kwa sura, ambayo ukiyachanganya mtu analowa, anatetemeka usiku kucha, au analetewa kitu ambacho hakukiomba.

Mvua

Kwenye makoti utakutana na "waterproof", "water-resistant" na "water-repellent", na wauzaji hawana haraka ya kukueleza tofauti. La kutegemea ni "waterproof": maji hayapenyi. "Water-resistant" linahimili manyunyu ya muda mfupi, mvua ikikaza linasalimu amri. "Water-repellent" linazungumzia uso wa kitambaa peke yake, kwamba umepakwa dawa ya kufanya matone yateleze. Waingereza wanalo pia "showerproof", ambalo ukilisikia harakaharaka unadhani ni "waterproof" kwa sababu ya mkia wake, kumbe ni ndugu wa "water-resistant". "Windproof" ni upepo tu, usiliongezee mengine.

Ukishapata neno, tafuta tarakimu. Utaona 10,000 mm, au kwa kifupi 10K. Hicho ni kimo cha maji. Maabara, kitambaa hubanwa, kikaongezewa shinikizo la maji mpaka matone yaanze kuchomoza upande wa pili. Kikifika 10,000 maana yake kimehimili uzito sawa na wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10. Jina la kipimo ni "hydrostatic head", na kwenye lebo nyingi hufupishwa HH. Hema la 3,000 linaweza kukuweka mkavu usiku mzima na koti la 3,000 likavuja mabegani, maana mvua ya hemani inadondoka na kuteremka zake, ila koti linagandamizwa na mikanda ya begi, na suruali ya mvua inagandamizwa kila unapopiga goti kwenye tope. Ukipewa tarakimu, jiulize kifaa hicho kitakandamizwa na nini.

Sasa angalia mishono kwa ndani. Kitambaa hata kiwe bora namna gani, sindano ikipita imekitoboa. Lebo ikisema "fully taped seams", mishono yote imezibwa kwa utepe. Ikisema "critically taped", imezibwa ile ya mabegani na kwenye kofia, mingine imeachwa. Neno "critically" linasikika kali, kana kwamba kazi imefanyika kwa umakini zaidi. Pitisha kidole kwenye mshono wa kwapa: utepe utausikia kama upo.

"Breathable" linahusu jasho: mvuke wa mwili unapata njia ya kutoka. Ukiona 20K/15K, tarakimu ya kwanza ni maji, ya pili ni gramu za mvuke zinazoweza kupita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Zote mbili, kubwa ndiyo bora. Kampuni nyingine hutumia kipimo kinachoitwa RET, na hicho kinakwenda kinyume: kidogo ndiyo bora. Chini ya 6 jasho linatoka vizuri sana. Juu ya 20 utachemka humo ndani. Nimeona watu wakilisifia koti la RET 25 kwa sababu namba yake ilikuwa kubwa kuliko ya jirani.

Lipo jambo moja la makoti ambalo huwa nalionyesha kwa vitendo, kwa sababu maneno yake hayaeleweki bila maji. Natundika koti lililotumika sana, namimina kikombe cha maji begani taratibu. Kwenye mkono, ambako kitambaa hakijasuguliwa, matone yanasimama kama shanga na kuviringika hadi chini. Begani, pale mkanda wa begi unapokaa, maji yanatandaa, rangi ya kitambaa inageuka kuwa nzito, na ukigusa unasikia ubaridi. Kijana atasema, "Mama, hili limeshatoboka." Namwambia aingize mkono ndani apapase. Ndani pakavu. Kilichokwisha ni ile dawa ya juu, inayoitwa DWR kwa ufupi wa "durable water repellent", na hali hiyo ya kitambaa kunywa maji usoni wanaiita "wetting out". Koti halijavuja bado, ila mvuke hautoki tena sawasawa, na mvaaji analowa kwa jasho lake mwenyewe huku akilaumu mvua. Tiba yake ni kulifua kwa sabuni ya makoti ya aina hiyo, kisha kulipasha joto dogo kwenye mashine ya kukaushia kama lebo inaruhusu. Ikishindikana, hupakwa dawa mpya. Mgeni akikuambia "my jacket is wetting out", usimpe koti jingine kabla hujajua kama anaomba hilo. Anaeleza tu hali.

Na usiite kila koti la mvua "Gore-Tex". Hiyo ni bidhaa yenye mwenyewe, iliingia sokoni mwaka 1976, na kampuni nyingine zina tando zao, yaani ngozi nyembamba ya ndani ya kitambaa inayozuia maji. Jina la jumla ni "shell" au "rain jacket", na Mwingereza wa makamo anaweza kukuambia "cagoule" au "anorak". Wakitaja koti na suruali ya mvua kwa pamoja, Waingereza husema "waterproofs".

Baridi

Kiingereza cha baridi kimejengwa juu ya matabaka. "Base layer" inagusa ngozi, "mid layer" inatunza joto, "shell" au "outer layer" inazuia upepo na mvua. Ukiyashika hayo matatu, kila nguo mpya utakayoonyeshwa utajua ni ya wapi kabla hujaulizia jina lake.

Nguo ya ngozini itaandikwa "wicking" au "moisture-wicking", yaani inavuta jasho na kulisogeza nje. Kama ni sufu ya merino itakuwa na tarakimu kama 150, 200 au 250, nazo ni gramu za kitambaa kwa mita ya mraba: 150 nyepesi ya kutembelea, 250 nzito ya kulalia. Ikiandikwa "100% cotton", iache kwa siku nyingine. Pamba ikilowa inakaa na maji, na wapanda mlima wanaozungumza Kiingereza wana msemo wao mkali kwa hilo, "cotton kills". Tabaka la kati mara nyingi ni "fleece", kile kitambaa chenye manyoya manyoya cha poliesta kilichotengenezwa mwaka 1979 na kiwanda cha Malden Mills cha Marekani. Kina joto, kinakauka haraka, ila upepo unakipita kama hakuna kilichovaliwa.

Halafu kuna "down". Wanafunzi wangu wote wanalijua neno hili kwa maana ya chini, kwa hiyo wakiona "down jacket" wanatafuta koti refu linaloshuka magotini. Hapa ni yale manyoya laini sana ya bata au bata bukini yaliyo chini ya manyoya ya nje. Manyoya yenye uti ni "feather". Lebo ikiandika 90/10, tisini ni laini na kumi ni yenye uti. Yakilowa hujikunja na kupoteza joto karibu lote, ndiyo maana koti lililojazwa poliesta, lenye neno "synthetic", bado lina heshima yake mahali penye unyevu.

Kwenye makoti haya usidanganyike na "fill power". Hiyo ni namba ya ubora: inasema kiasi fulani cha manyoya hayo, wakia moja, kinafumuka kujaza inchi ngapi za ujazo. 550 ni ya kawaida, 800 ni bora sana. Haisemi mmejazwa manyoya mangapi. Hiyo ni kazi ya "fill weight", ambayo huandikwa kwa maandishi madogo, na mara nyingine haiandikwi kabisa. Koti la 800 lenye gramu 60 za manyoya ni jepesi, linaingia kwenye kiganja likikunjwa, na linazidiwa joto mbali na koti la 600 lenye gramu 250. Mgeni akiuliza "How warm is it?", mjibu kwa namba zote mbili.

Glavu nazimaliza haraka. "Gloves" zina vidole, "mittens" hukusanya vidole vinne pamoja na kuacha dole gumba, na hizo ndizo zenye joto zaidi kwa kuwa vidole vinapashana. "Liner gloves" ni nyembamba za kuvaa ndani. Kichwani, "beanie" ni kofia ya kufuma, "balaclava" inafunika uso na kuacha macho, "neck gaiter" ni ya shingoni. Ukisikia "gaiters" peke yake, kwa wingi, shuka miguuni: ni zile soksi ngumu za nje zinazofunika buti na muundi dhidi ya theluji na kokoto.

Kulala

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo Kiingereza kidogo kinapoweza kumdhuru mtu.

Mfuko wa kulalia uliopimwa kwa kiwango cha ISO 23537, ambacho kabla ya hapo kilikuwa EN 13537, huwa na nyuzijoto tatu. Tuseme lebo inasema: "Comfort 0 °C, Limit −6 °C, Extreme −23 °C". Hupimwa kwa sanamu ya mtu yenye vipasha joto, imevalishwa nguo za ndani, imelazwa humo kwenye chumba cha baridi. "Comfort" ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida anaweza kulala ametulia, amejinyoosha. "Limit" ni ya mwanamume wa kawaida aliyejikunyata, hajaanza kutetemeka. "Extreme" watu huielewa kama sifa, kama vile mfuko huu ni wa hali ngumu sana. Maana yake ni kwamba katika baridi hiyo mtu anatarajiwa kuvuka saa 6 bila kufa, na kuumia kwa baridi kunawezekana. Hakuna usingizi hapo.

Na sasa tazama nje ya mfuko. Namba iliyochapwa kwa herufi kubwa ubavuni ni ipi kati ya hizo tatu? Mara nyingi ni ya pili. Mimi nagawa kwa kufuata ya kwanza, kwa mwanamume au mwanamke, na anayejisifu kwamba hasikii baridi naye anapewa kwa hiyo hiyo.

Mtego mwingine ni wa Wamarekani, wanaopima kwa Farenhaiti. Mgeni akiandika kwamba anakuja na "20-degree bag", usicheke ukidhani ameleta shuka la joto. Nyuzi 20 za Farenhaiti ni takriban −7 za Selsiasi. "Zero-degree bag" yake ni kama −18, wakati ya Mzungu wa Ulaya ni sifuri ileile tunayoijua. Swali la kuuliza ni fupi: "Is that Celsius or Fahrenheit?"

Umbo la mfuko uliobana miguuni huitwa "mummy", kwa mfano wa maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale. Hauhusiani na mama wala mtoto, ingawa nimeshasikia mtu akiuliza wa baba uko wapi. "Draft collar" ni ule mto mdogo wa kubana shingoni joto lisitoroke. "Left zip" na "right zip" ni upande wa zipu. Wanandoa wanaotaka kuunganisha mifuko yao wanahitaji mmoja wa kila upande.

Chini ya mfuko kuna godoro jembamba, ambalo Mwingereza huliita "sleeping mat" na Mmarekani "sleeping pad". Namba yake ni "R-value", uwezo wa kuzuia ubaridi wa ardhi. Kwenye kiangazi 1 au 2 inatosha, juu ya theluji tafuta 5 kwenda juu. Uzuri wake ni kwamba zinajumlishika: la 2 juu ya la 3 unapata 5.

Mwingereza na Mmarekani

"My pants are wet." Kijana akinijia na sentensi hiyo, namuuliza kwanza: aliyesema ni nani? Kwa Mmarekani "pants" ni suruali. Kwa Mwingereza ni chupi, na suruali ni "trousers". Ukimjibu Mwingereza mbele ya wenzake kwamba utamwazima za kwako, watacheka mpaka kambini. Neno salama kwa wote ni "trousers". Mmarekani analielewa hata kama halitumii.

"Vest" ya Mmarekani ni kizibao cha kuvaa juu. Ya Mwingereza ni singlendi ya ndani, na kizibao anakiita "gilet". "Jumper" ya Mwingereza ni sweta, ya Mmarekani ni gauni lisilo na mikono. "Suspenders" za Mmarekani zinashikilia suruali mabegani, za Mwingereza zinashikilia soksi ndefu za kike. Mwaustralia akiomba "thongs" anataka ndala. "Torch" kwa Mwingereza ni tochi, kwa Mmarekani ni mwenge wa moto, na tochi yake ni "flashlight". Ya kichwani ni "head torch" kwa huyu na "headlamp" kwa yule.

Hayo ni ya kuchekesha. Ya mafuta hayachekeshi. Mmarekani akisema "gas" peke yake, mara nyingi ana maana ya petroli. Mtungi mdogo wa gesi ya jiko kwake ni "canister", kwa Mwingereza "gas cartridge". "White gas" ya Marekani ni kimiminika cha jiko la kupampu, haimo kwenye mtungi wa gesi. "Paraffin" kwa Mwingereza ni mafuta ya taa, wakati kwa Mmarekani ni nta, na mafuta ya taa anayaita "kerosene". Jiko lililotengenezwa kwa kimoja likiwekewa kingine linaweza kuziba au kulipuka. Kwa hiyo kwenye mafuta usikubali jina peke yake. Mwambie mgeni akuonyeshe jiko lenyewe, au picha yake, usome kilichoandikwa kwenye kitako.

Begi, buti, taa

Begi hupimwa kwa lita, lakini linalofaa mgongo ni "torso length", urefu wa mgongo: kuanzia mfupa unaochomoza chini ya shingo ukiinamisha kichwa hadi usawa wa juu ya nyonga. Mtu mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi. Mikanda ina majina matatu ya lazima: "hip belt" ya nyongani, inayopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito, "sternum strap" ya kifuani, "load lifters", zile kamba ndogo juu ya mabega zinazovuta begi karibu na mwili. Vitenzi vyake ndivyo utakavyovitumia siku nzima, kwa hiyo vitamke kwa sauti huku mkono ukifanya: "tighten" kaza, "loosen" legeza, "buckle" funga kifungo, "unclip" fungua. Fuata mpangilio huo wa mikanda, nyonga kwanza.

Kitambaa cha begi kitaandikwa 210D au 420D. D ni "denier", uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa kizito na kigumu. "Ripstop" ni kile chenye miraba midogo ya uzi mnene zaidi, tundu likitokea lisiendelee kuchanika.

Kwenye buti, usichanganye "waterproof" na "insulated". La kwanza linazuia maji, la pili lina joto, na buti linaweza kuwa na moja bila jingine. "Break in" ni kulivaa taratibu hadi lizoee mguu. Saizi 8 ya Uingereza ni takriban 42 ya Ulaya na 9 ya kiume ya Marekani, ya kike ya Marekani inapanda zaidi, kwa hiyo uliza "UK, EU or US?" kabla hujakimbilia rafu.

Taa ya kichwani ina "lumens", wingi wa mwanga, na "run time", muda wa kuwaka. Kwa kipimo cha kiwandani kinachoitwa FL1, muda huo huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Lebo ikisema saa 60, zile za mwisho ni za kutafutia kiatu hemani. Alama ya IPX inaeleza taa inavyohimili maji: IPX4 inahimili maji ya kurushwa; IPX7 inazamishwa mita 1 kwa dakika 30.

Kujifunza kwenyewe nakufanya hivi: nabandika kipande cha utepe mweupe kwenye kila kifaa, kijana anaandika neno lake kwa kalamu ya wino mzito. Akikifahamu anaubandua. Kisha namweka mbele ya mwenzake anayejifanya mgeni mbishi, anakagua begi lake kitu kimoja kimoja kwa sauti: "Is this your base layer? Is it cotton? What's the comfort rating on your bag?" Mgeni mbishi anaruhusiwa kujibu uongo, na anayekagua lazima aubaini kwenye lebo.

Msafara ukirudi, geuza nguo tena usome lebo ya kufulia. "Do not use fabric softener" utaliona kwenye karibu kila kitu, nalo linakataza kilainisha nguo, kinachoharibu ile dawa ya juu na kuziba vitambaa vya jasho. "Tumble dry low" ni mashine ya kukaushia kwa joto dogo, "line dry" ni kuanika kambani, "do not wring" ni usikamue kwa kusokota. Mfuko wa kulalia wa manyoya mara nyingi huja na vifuko viwili: "stuff sack" kidogo cha safarini, na "storage sack" kikubwa cha wavu au pamba. Ukishakauka kabisa, uweke kwenye hicho kikubwa na kuutundika, manyoya yasikae yamebanwa hadi safari nyingine.